Nguzo Nyeusi za Bi Pimbi

Hamjambo watoto? Sogeeni hapa. Wewe mwenye kikombe, kiweke kando usije ukakikalia. Kimya sasa, kimya!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanajijengea nyumba, Bi Pimbi mjane aliishi na wanawe watatu. Nyumba yake ilikuwa imeinama. Mchwa walishakula nguzo zote, na masika yalikuwa yanakaribia.

Akakata mpingo. Ko! Ko! Ko! Shoka likawa butu mara tatu, mti ukaanguka. Kuuvuta hakuweza, akamwita Nyati. Nyati akauburuta mpaka kando ya bwawa.

Desturi ya kule, aliyevuta gogo huchagua fungu lake kwanza. Bi Pimbi akapasua. Huku mti mweupe wa nje, huku kiini cheusi tii. Akawaza: kiini hiki mchwa hawakiwezi. Huyu akichukua kiini, wanangu watalowa!

Akaanza kuupapasa ule mweupe. "Kaka Nyati, huu niachie mimi. Wewe chukua mweusi."

Nyati akakunja pua. "Mbona mweusi hivyo? Umeungua?"

"Sijui, kaka. Tuujaribu majini?"

Akatupa kibanzi cheupe. Kikaelea. Akatupa cheusi. Chubwi! Kikazama.

"Ala! Mti gani unazama kama jiwe? Umekufa huo! Unataka kunipa mzoga?"

"Kaka, nakuomba..."

"Nyamaza! Nimevuta mimi, nachagua mimi!" Akabeba mweupe wote, huyoo!

Bi Pimbi akalia mpaka Nyati alipopotea vichakani. Halafu akapangusa macho.

"Mama, si ulikuwa unalia?"

"Nimemaliza. Leteni jembe tuchimbe mashimo!"

Masika yakaja. Mchwa wakapanda nguzo nyeusi, wakang'ata, wakashuka wameshika mataya. Wakahamia kwa Nyati, kwenye nguzo zake nyeupe laini. Mwezi haukuisha, nyumba ya Nyati puu!

Akaja anachuruzika maji. "Dada, ule mweusi uliujua?"

"Niliujua, kaka. Nina watoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama ni imara? Ulisema ninyamaze."

Nyati akainamisha pembe. Bi Pimbi akamwonea huruma.

"Haya, ingiza kichwa. Mwili hautaenea."

Akalala hivyo hivyo, kichwa ndani, mkia mvuani.

Basi wanangu, hata ukiwa na nguvu, muulize kwanza aliyeshika shoka.

Mimi huyo naondoka, wingu limeshatanda kule. Likipita nitarudi.