Tochi ya Kuvuta ya Noela

Watu hukiona chombo kikiwa tayari juu ya maji. Siku ya kukipigilia misumari hawakuwapo, ndiyo maana husema, "Ah, bahati tu!" Basi Noela wa Majengo, hapa Songea, naye aliitwa mwenye bahati, wakati bahati yenyewe aliiunda kwa mikono yake.

Noela ni fundi simu. Siku moja alinunua tochi ya kuvuta, zile ndogo ambazo ukivuta kichwa chake mwanga unajikusanya. Ilikuwa rahisi kuliko sahani ya chipsi. Baba yake, mzee Kajetani mchimba visima, alicheka mpaka akapaliwa.

"Mwanangu, hii si tochi, ni kiberiti cha plastiki!"

Noela akaijaribu. Aliidondosha kutoka mezani, ikazima. Aliitumbukiza kwenye ndoo, ikanywa maji kama ng'ombe. Aliiacha inawaka huku akitazama saa ya simu. Dakika kumi tu, ikawa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni, mwanga ukafifia. Basi akaifungua. Springi iliyolegea akaikaza kwa waya wa shaba. Kwenye maungio akavisha mpira alioukata kwenye tyubu ya baiskeli. Nyuma ya taa akabana kipande cha kopo la soda ili joto lipate pa kwenda. Akaidondosha tena, ikazima tena. Akafungua tena. Siku nne!

"Ukimaliza ikuoe kabisa," alimtania Hironimus, mshika kamba wa baba yake.

Jumamosi mchana Noela aliwapelekea ugali nyumbani kwa Bi Mwanahawa, walikokuwa wakichimba kisima. Mzee alikuwa chini, futi hamsini. Ghafla, puu! Ukuta ulimomonyoka, vumbi likapanda mpaka mdomoni mwa kisima.

"Mguu umebanwa!" sauti ya mzee ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Tochi yangu imezama, imekufa! Mawe yamepandana, sijui nitoe lipi, na maji yanapanda!"

"Ya Rabi!" Bi Mwanahawa alijishika kichwa.

Noela akaifunga tochi yake kwenye uzi wa nailoni, akaiwasha, akaishusha. Ikagonga ukuta, ngo! Ikagonga tena, ngo! Haikupepesa. Mzee akaidaka, lakini mwanga ulitawanyika kwenye vumbi ukamrudia machoni.

"Vuta, baba! Vuta!" Noela alipaza sauti.

Sasa, kwa mchimba visima "vuta" ni moja tu. Mzee akaivuta kamba ya kiunoni, na kamba ikivutwa hivyo, mshika kamba hupandisha. Hironimus akapandisha kwa nguvu zote.

"Mamaaa! Mguu! Mnaning'oa kama muhogo!"

"Legeza, kaka Hironimus! Baba, siyo kamba! Vuta kichwa cha tochi!"

Mara kule chini mwanga ukajikusanya, ukawa mwale mmoja mkali, ukapenya vumbi kama sindano.

"Nimeliona! Ni hili la pembeni!" Ikasikika sururu, kisha jiwe likitumbukia majini. "Haya, sasa vuteni kamba!"

Akatoka mwekundu kwa tope, mguu umevimba, anacheka na machozi yanamtoka. Noela alimkumbatia na tope lake lote.

"Alhamdulillahi!" Bi Mwanahawa alikaa chini. "Kajetani, kula kwanza. Hata ugali haujapoa!"

Wote wakaangua kicheko.

Hironimus aliigeuzageuza ile tochi. "Dada, una bahati, umeotea nzima. Na mimi nakwenda kuchukua kama hii."

Akaenda kweli. Jioni akarudi anachekelea, tochi mpya mkononi. Ilimponyoka mara moja tu pale mlangoni kwa mzee, ikafa.

Mzee Kajetani, mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akamtazama.

"Hironimus, dukani wanauza ganda. Kiini anaweka Noela. Mwanangu, mpe kigoda, umwonyeshe lile kopo la soda."

Ama kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.