Sahani za Wageni wa Mtegere

Uliyemwekea dau, usimjazie sahani. Jana mlimsikia shangazi yenu akiitamka methali hii, na leo mmenijia mnataka kujua ilikotoka. Haikutoka mbali. Ilitoka nyumbani kwetu, na kusema kweli nimechoka kuisimulia. Lakini kaeni. Ilianza hivi.

Baba yangu, Mzee Mkude, alikuwa mpishi wa Chuo cha Kilimo cha Lukanda. Kutoka chuoni hadi kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Yeye alikuwa na baiskeli, kwa hiyo alifika nyumbani jua lingalipo. Na ilikuwa lazima afike mapema, kwa sababu mama alikuwa amepooza miguu. Kutwa nzima alilala kitandani akihesabu mabati ya paa. Jioni baba alimbeba, akamketisha barazani, naye akasalimiana na wapita njia mpaka giza lilipoingia. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini, lakini kumnyanyua peke yangu sikuweza.

Kila mwaka msimu wa mpira ulifunguliwa kwa mechi ya Lukanda na Chuo cha Ualimu cha Mtegere. Mtegere walikuwa chuo kidogo, na kwa miaka sita walikuwa wakija, wakifungwa, wakirudi. Mwaka huo baba akabishana na Chilewa, mtunza stoo, mtu mwenye maneno mengi na redio nzuri.

"Mcheza kwao hutunzwa," alisema Chilewa. "Hao walimu wako watakula nne."

"Mimi ndiye ninayewalisha hawa wa kwetu," baba akajibu. "Wametoka likizo na vitambi. Dakika ishirini tu watahema. Naweka baiskeli yangu, Mtegere wanashinda."

"Baiskeli? Basi na mimi naweka redio."

Hiyo redio ndiyo iliyompumbaza baba. Alitaka mama apate sauti ya kumliwaza mchana. Hakumwambia mtu ila mimi, maana mama alichukia kamari kuliko ugonjwa wake.

Siku ya mechi nilimwacha mama na jirani, nikaenda jikoni kumsaidia baba kupakua. Desturi ilikuwa mwenyeji awalishe wageni kabla ya mchezo. Lori la Mtegere likaharibika njiani, wakafika saa nane, na mechi ilikuwa saa tisa. Vijana waliteremka wamejaa vumbi, midomo imekauka. Winga wao, kijana mwembamba aitwaye Kihampa, alikishika kikombe cha maji kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Tangu jana usiku tumekula mihogo tu."

"Marahaba. Mihogo tu?" Baba akanigeukia. "Lete sahani kubwa."

Akapakua pilau. Akaongeza nyama, akaongeza pilau tena. Nikamvuta pembeni.

"Baba, hawa wanakwenda kukimbia. Wape uji na ndizi, pilau wale baada ya mechi."

"Baada ya mechi wanapanda lori. Mtu mwenye njaa hachezi, mwanangu."

"Na baiskeli je?"

"Ndiyo maana nawashibisha!"

Kihampa alimaliza sahani tatu. Baba alisimama juu yake na upawa, anatabasamu kana kwamba redio iko kwapani. Wa Lukanda walikuwa wamekula mapema, tena kidogo, kwa kuwa nyama nyingi baba aliwawekea wageni.

Dakika ya tano Kihampa akafunga bao. Baba akatupa kofia juu. Nilifurahi, sitawaficha. Lakini kufika dakika ya ishirini, waliohema hawakuwa wa Lukanda. Kihampa alisimama, akashika mbavu, akaenda kuinama pembeni ya uwanja, na pilau yote ikarudi. Wenzake walitembea kama watu waliotoka karamuni, na kweli ndiko walikotoka. Wakafungwa manne, kama Chilewa alivyosema.

Tulirudi kwa miguu, baba na mimi. Tulifika giza limeshaingia. Mama alikuwa bado kitandani.

"Baiskeli iko wapi?" akauliza.

Baba akaeleza yote, na redio pia. Nilingoja mama apige kelele. Hakupiga. Aliuliza tu:

"Uliwapa sahani ngapi?"

"Tatu. Walikuwa na njaa, mke wangu."

"Mkude, uliyemwekea dau, usimjazie sahani," mama akasema, akageukia ukutani.

Jirani alisikia, kesho yake kijiji kizima kikawa kinaisema. Watu walicheka sana. Sisi hatukucheka. Baiskeli nyingine baba hakuipata, na mama, kwa miaka minne iliyobaki ya uhai wake, aliliona jua la jioni siku za Jumapili tu.

Sasa mtazameni mwenzenu Shomari pale, amelalia kitabu. Wiki ijayo ana mtihani, nasi sote tumaini letu liko kwake. Mama yake amemwekea masomo ya ziada asubuhi, mchana na jioni, na leo kamtafutia mwalimu wa nne. Anampenda. Baba yangu naye aliwapenda wale vijana.

Mfunikeni shuka, mzime na taa. Uliyemwekea dau, usimjazie sahani.