Shemasi Pafnuti na Vidonda vya Tekla

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika nchi ya Nubia, aliishi shemasi aitwaye Pafnuti, mtu wa saumu na sala. Jirani yake alikuwa ajuza Tekla, mgonjwa wa vidonda vya miguu visivyopona, asiye na mtoto wala ndugu. Tekla huyo ndiye aliyemsingizia uchawi kaka wa Pafnuti, hata kaka huyo akafukuzwa mjini na kufia ugenini.

Pamoja na hayo, kila asubuhi kwa miaka saba Pafnuti alichota maji, akayapasha moto, akaenda kumwosha. Ajuza hakuwa na shukrani. Mara maji yanaunguza, mara mkono wa shemasi ni mzito. Pafnuti alinyamaza, na watu wakamsifu kwa subira yake. Yeye peke yake ndiye aliyejua jinsi alivyochoka, na kwamba kila afikapo mlangoni pa Tekla aligeuka kuangalia nani anamwona.

Ikawa siku moja askofu alikuja kumpandisha daraja la ukasisi. Akasema mbele ya kusanyiko, "Mkristo wa kweli ndiye huyu."

Pafnuti akapiga magoti. "Baba Askofu, niwie radhi. Yule mama simpendi. Namwosha kwa kuwa mnanitazama. Nikimkumbuka marehemu kaka yangu, huubana mguu wa mama huyo makusudi."

Askofu akasema kwa upole, "Basi pumzika, mwanangu. Tutamtafuta mwingine wa kumwosha."

Watu wakatoka wakinong'ona: kumbe mnafiki.

Asubuhi yake Pafnuti alikusudia kulala. Hakuna tena aliyemtazamia lolote. Lakini huyo mwingine alikuwa bado hajapatikana, na vidonda havingojei. Akajiinua, viungo vikimuuma, akachota maji kama kawaida.

Tekla alikuwa amekwisha kupata habari. "Nimeambiwa hunipendi."

"Ni kweli, mama."

"Na sifa zimekutoka."

"Zimenitoka."

"Basi leo umekuja kwa ajili ya nani?"

Pafnuti akapiga magoti miguuni pake. "Sijui, mama. Nyosha mguu, maji yanapoa."

Ajuza akaunyosha, na siku hiyo hakutukana. Alipokwisha kufungwa vitambaa, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka yako hakuwa mchawi. Nilimwonea."

Pafnuti akaketi chini sakafuni, akalia, kisha akainuka kwenda kumwaga maji.

Enyi wapendwa, wako wanaomtumikia Mola kwa furaha, na heri yao. Lakini mja aliyechoka, asiye na shahidi wala msifu, akainuka hata hivyo, asiidharau imani yake kwa kuwa haimchangamshi moyo. Pengine kwake imebaki miguuni, nayo yamfikisha anapotumwa.