Zimwi la Vinywa Saba

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na vyama vyao, kiangazi kilikausha nchi nzima, likabaki dimbwi moja tu. Kifaru, Nyati na Ngiri walilikalia.

"Wadogo watakunywa wakubwa wakishiba," alisema Kifaru.

Wakubwa hawakushiba. Nyumbani kwa Mama Pimbi, pangoni, kitinda mimba alikuwa amekauka midomo, hata kulia hawezi.

Sasa sikilizeni. Hao watatu walikuwa na Chama cha Kuchunguza Mazimwi. Ikisikika habari ya zimwi popote, mbio! Ila walikuwa na mwiko mmoja: zimwi halitazamwi. Likifika, mchunguzi hulala kifudifudi na kufumba macho mpaka liondoke.

Mama Pimbi akaenda dimbwini.

"Shikamoo, Mzee Kifaru. Nina habari ya zimwi."

"Marahaba! Liko wapi?"

"Huja kunywa hapa hapa, jua likiwa utosini."

"Likoje?"

"Ah, Mzee! Ningelitazama mimi? Nilifumba macho."

"Mnaona?" Kifaru aliwaambia wenzake. "Huyu ana adabu ya uchunguzi."

Mchana ulipofika, wakubwa wote watatu wakalala kifudifudi, macho wameyafumba. Mama Pimbi akajibanza kwenye ufa wa mwamba, akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya wakubwa.

"Kreee! Kreee-kreee-KREEEK!"

Nyati akatetemeka mpaka pembe zikagonga jiwe, ko-ko-ko. Watoto wa pimbi wakapita katikati ya wakubwa, wakainamia maji. Chup, chup, chup.

"Ngojeni," alinong'ona Ngiri. "Mbona linakunywa kidogo kidogo hivi? Nataka kuchungulia."

Kitinda mimba ndiyo kwanza ameanza kunywa!

Mama Pimbi akakimbia, akalala kando ya Ngiri. "Kaka, tulia. Nadhani lina vinywa vingi."

"Vinne!" alisema Nyati. "Nimevisikia."

"Vinne wapi? Saba!" alifoka Kifaru. "Mwenyekiti nani hapa?"

Wakabishana, macho bado wamefumba, mpaka mtoto wa mwisho akajaza tumbo na kurudi pangoni.

"Limeondoka," alisema Mama Pimbi.

Wakafumbua macho. Ngiri akainama ukingoni. "Mzee, hizi ni nyayo za pimbi."

"Si alikuwa hapa na sisi? Za zimwi ziko wapi?"

"Hakuna hata unyayo mmoja."

"Basi! Zimwi halisi haliachi nyayo."

Nyati akapiga kwato kwa furaha. Ngiri alitaka kusema neno, akawatazama wakubwa wake, naye akapiga kwato zake.

Mnaona, watoto? Anayechunguza huku amefumba macho huambulia kile alichokwisha kukiamini.

Chama kilikubaliana kulichunguza zimwi hilo kila mchana. Kililichunguza hivyo mpaka mvua zikanyesha, na watoto wote wa Mama Pimbi walikuwa hai.