Kwa Nini Mfupa wa Jiwe Hauokotwi na Mtu Mmoja

Kabla mito ya nchi hii haijazoea kukauka, bonde lote la Kalemoru lilikuwa ziwa. Hapa tulipoketi palikuwa chini ya maji. Kisha maji yakaondoka polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga, yakaacha mchanga, changarawe na upepo. Watu walikuja baadaye sana, ziwa likiwa limeshasogea mbali. Walikuta mto mkavu umepita katikati ya jangwa, wakagawanyika kwa kufuata malisho. Waliokaa ng'ambo linakochomoza jua wakaitwa watu wa Mawio. Waliokaa ng'ambo hii wakaitwa watu wa Machweo, na hao ndio waliotuzaa sisi.

Siku hizo hakuna aliyetazama chini. Mtu alitembea macho yakiwa mbele, akitafuta wingu, au ngamia aliyepotea, au adui. Mawe yalikuwa mawe tu.

Isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya mto palikuwa na kilima cha udongo wenye matabaka, mekundu na meupe, na mvua ilikuwa imekimega ubavu. Katika ubavu ule mifupa mikubwa ilichomoza. Ilikuwa imegeuka jiwe, mizito, ya rangi ya kahawia, ukiigonga inalia kama chungu. Hakuna aliyejua ni ya nani, na kitu kisichojulikana hakikosi wa kukidai. Watu wa Machweo walisema ni mifupa ya babu zetu, ambao walikuwa majitu, na kwamba watu wa Mawio waliwaua wakiwa usingizini. Watu wa Mawio walisema hayohayo, ila kwao waliouawa ni babu zao na wauaji ni sisi. Kila upande ulikuwa na wimbo wake wa maombolezo, na ukisikiliza kwa mbali usingeweza kuutofautisha na wa wenzao.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kuvamia ng'ambo, vijana walipelekwa kilimani, wakagusa mfupa kwa ncha ya mkuki, wakaapa. Kwa mkono hakuna aliyethubutu kuugusa. Ilisemwa kwamba mkono ungekauka.

Katika watu wa Machweo alikuwepo mjane mmoja, Amoni, aliyekuwa na watoto wawili: Arot, binti aliyechunga mbuzi, na Ekitela, mdogo wake. Ekitela aliapa kilimani msimu mmoja wa ukame, akavuka mto na wenzake, akarudishwa amebebwa. Tangu siku ile Amoni aliketi mlangoni mwa kibanda chake. Alikula akipewa, alijibu akiulizwa, lakini hakutoka.

Arot alikuwa na tabia iliyowachekesha watu. Alipenda kuokota. Mbuzi wakitawanyika kwenye changarawe, yeye aliinama na kutazama chini ya vivuli vya mawe asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, maana ndipo kitu kidogo huonekana. Aliokota konokono wa jiwe. Aliokota pingili za uti wa samaki, za mviringo kama vifungo. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe kwamba mfupa uliogeuka jiwe una vitundu vidogo ndani kama sega, na kwamba ukiugusa kwa ncha ya ulimi unanata, ilhali jiwe la kawaida huteleza. Alijifunza pia kwamba ukikuta vipande chini ya mteremko usichimbe hapo. Panda, uvifuate, mpaka pale visipoonekana tena. Hapo ndipo vilipotoka.

Alivipanga vitu vyake juu ya mwamba bapa nyuma ya kibanda. Havikuwa na faida yoyote. Alivitazama tu, akafurahi. Wanawake wenzake walimtania, "Arot, watoto wako wa mawe hawajambo?" Naye alijibu, "Hawajambo, na hawalii usiku."

Basi mwaka mmoja ilinyesha mvua kubwa. Ilipokatika, malisho yakaota, mbuzi wakanona, na vijana wakapata nguvu ya kukumbuka visasi. Mzee Lopeyok, aliyekuwa msemaji wa Machweo, akatangaza kwamba mwezi ukiandama vijana wataapa, kisha watavuka mto kulipiza damu ya Ekitela.

Asubuhi chache kabla ya siku hiyo, Arot alipitisha mbuzi wake karibu na kilima. Maji yalikuwa yamekimega tena. Chini ya mteremko aliona kipande cha mfupa, na juu yake kidogo kingine. Akagusa kwa ulimi. Kikanata. Akapanda, macho chini, kipande hadi kipande, kama mbuzi anayefuata majani, wala hakujua amefika wapi mpaka aliposikia mtu akipuliza.

Mzee wa Mawio alikuwa amelala kifudifudi, akipuliza vumbi kutoka katikati ya mifupa ya mababu. Mkuki wake ulikuwa kando, mbali na mkono wake. Walitazamana.

"Ukipiga ukelele, ndugu zako watakuja," mzee alisema bila kuinuka. "Nikipiga mimi, wanangu watakuja. Afadhali tunyamaze wote wawili."

"Unafanya nini juu ya babu zangu?" Arot aliuliza.

"Mimi niliambiwa ni babu zangu," alijibu. "Njoo uwatazame meno."

Mzee huyo aliitwa Lomuria. Arot alipaswa kukimbia, lakini aliona ukingo wa taya ukitoka kwenye udongo, na miguu ikakataa kuondoka. Akapiga magoti. Magego yalikuwa mapana kuliko kidole gumba, na juu yake palikuwa na michoro iliyojikunja kama majani. Alikuwa amechinja mbuzi wengi na alikuwa ameuosha mwili wa mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Alijua mdomo wa mtu ulivyo.

"Huyu si mtu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nami nimefikiri hivyo kwa miaka," alisema Lomuria. "Lakini jambo ukilifikiri peke yako, hujui kama ni kweli au ni uzee."

Arot alisahau ile hofu ya mkono kukauka, akapapasa taya mpaka mwisho wake. "Hapa pamevunjika. Sehemu ya mbele haipo."

Mzee akamtazama sana. "Ngoja," alisema. "Jino lake la mbele limejikunja kama mwezi?"

"Nitajuaje, nawe unaona halipo?"

"Liko kwangu, pamoja na kipande cha taya," alisema Lomuria. "Mafuriko yalilileta upande wetu zamani. Nimeliweka pamoja na vitu vyangu." Akaona haya kidogo. "Mimi pia huokota. Wake za wanangu hunicheka."

Kesho yake alikuja na kile kipande cha taya, kimefungwa kwenye ngozi. Kilikuwa kizito, na jino lile, chonge, lilichomoza humo, refu kama mkono kutoka kiwikoni. Lomuria alishika upande mmoja, Arot akashika wa pili, wakakisogeza taratibu. Mvunjiko ukakutana na mvunjiko. Hapakubaki nafasi hata ya kupitisha unywele.

Lomuria aliketi chini. Katika njaa ya ujana wake alikimbilia ziwani, akaishi na wavuvi, na huko aliwahi kula nyama ya mnyama mwenye taya kama lile. Alilikata yeye mwenyewe kwa shoka.

"Ni kiboko," alisema. "Na huyu mwenye mifupa midogo aliyelala kando yake, huenda ni ndama wake. Mwanangu, tumekuwa tukimwapia kiboko."

Arot alicheka. Alicheka mpaka mbuzi wakageuka kumtazama. Kisha akalia, na Lomuria hakuuliza, kwa sababu na yeye alikuwa amezika mtoto.

Sasa Arot alikuwa na neno zito la kubeba. Angeweza kuliacha kilimani. Mdogo wake alikuwa na heshima ya kufa kwa ajili ya mababu, na mama yake hakuwa na kingine cha kushika isipokuwa heshima hiyo. Alirudi nyumbani, akakamua mbuzi, akampa mama yake maziwa, akaketi mbele yake.

"Mama, kuna jambo nimeliona. Nikikuambia litakuumiza. Nisipokuambia, wataenda wengine."

"Sema," alisema Amoni.

Akamwambia yote, hata la mzee wa Mawio. Amoni alisikiliza akiwa ameshika kibuyu cha maziwa mapajani bila kunywa.

"Umelitazama vizuri?"

"Nimelitazama, mama. Na mwingine amelitazama pamoja nami."

"Basi mwanangu alikufa kwa ajili ya kiboko."

Amoni aliingia ndani, akalala akielekea ukutani, na siku iliyofuata hakumpa binti yake hata salamu. Arot alidhani amempoteza mama pia.

Siku ya kiapo vijana walipanga mstari chini ya kilima, miili imepakwa udongo mwekundu, mikuki imenolewa. Mzee Lopeyok alikuwa ameshaanza maneno ya kiapo aliposita. Amoni alikuwa anakuja. Watu walimpisha kama mtu aliyefufuka. Alipita katikati ya vijana, akapanda mteremko, na mbele ya watu wote akaweka kiganja chake juu ya mfupa.

Walisubiri mkono ukauke.

"Arot," Amoni aliita, "njoo uwaonyeshe ulichoniambia."

Arot alipanda. Alionyesha magego. Alionyesha lile taya. Aliposema neno kiboko, wengine waliguna, na kijana mmoja akapiga kelele kwamba ni uongo wa Mawio. Lopeyok akainua fimbo yake.

"Amoni, dada yangu," alisema, "fikiri unalolifanya. Ukisema hawa si mababu, unasema mwanao alikufa bure."

"Alikufa bure," alisema Amoni. "Nimeshalia hilo ukutani kwangu, nimelimaliza. Sasa nataka awe wa mwisho."

Wakati huohuo ng'ambo ya mto watu walitokea: Lomuria, ambaye Arot alikuwa amemwambia siku ya kiapo, wanawe, na wengine wachache waliokubali kumsikiliza. Walikuwa na mikuki. Vijana wa Machweo wakageuza yao. Lomuria alimkabidhi mwanawe mkuki wake, akashuka mtoni mikono mitupu, amekumbatia kile kipande cha taya kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Nimekuja na nusu yangu," alisema alipofika. "Asiyeamini, aishike yeye mwenyewe."

Kijana yule aliyepiga kelele ndiye aliyetoka mstarini. Sijui kama alitaka kuamini au alitaka kumuumbua mzee. Aliweka mkuki chini, maana kipande kile hakishikiki kwa mkono mmoja, akakipokea. Mwana wa Lomuria naye akaja kumsaidia, kwa kuwa kilikuwa kizito. Wakakisogeza wawili, Arot akiwaelekeza, "Kushoto kidogo. Taratibu. Hapo." Watu wakasikia jiwe likigusa jiwe.

Wote wakaona. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kisha bibi kizee mmoja wa Machweo akasema, "Mimi tangu zamani nilisema babu yetu alikuwa na mdomo mkubwa," na watu wakaanza kucheka, kwanza upande huu, halafu na ule wa pili. Si wote. Lopeyok aliondoka bila kuaga, na kuna waliobaki na kinyongo mpaka uzee wao. Lakini siku ile hakuna aliyeapa. Mikuki ilirudi nyumbani mikavu, na msimu uliofuata watu wa pande zote mbili walichimba kisima kimoja katikati ya mto.

Amoni aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alitoka na binti yake kila asubuhi kuokota, akilalamika kwamba macho yake ni mabovu, lakini akiviona vitu kabla ya Arot. Lomuria aliwaletea alivyookota, wakavipanga pamoja: kasa, mamba, samaki wenye vichwa kama koleo. Watoto waliokuwa wakirushiana mawe kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo walianza kuyatazama kabla ya kuyarusha. Wengine hawakuyarusha tena.

Na tangu siku hiyo, katika nchi ya Kalemoru, anayeona mfupa wa jiwe hauokoti. Huuzungushia mawe madogo ili mahali pasipotee, akaketi kando, akaita, na ikiwezekana humwita mtu wa ng'ambo. Wawili huinama pamoja, huugusa kwa ulimi, hubishana. Mmoja husema mamba, mwenzake husema kasa, na ubishi ule huweza kumaliza asubuhi nzima na birika zima la chai. Wakikubaliana ndipo mfupa huinuliwa. Wasipokubaliana, huachwa ulipo mpaka apatikane wa tatu. Na mtu akirudi nyumbani peke yake, mfupa mkononi na hadithi yake tayari mdomoni, hata mtoto mdogo atamuuliza, "Nani mwingine ameuona?"