Viganja Kwenye Kioo cha Nyuma

Hata kipya kina jana yake.

Ndivyo alivyosema shangazi yenu Sekela asubuhi, kabati lake la vioo lilipoteremshwa. Mlimcheka alipoinama na kukipumulia kioo, haa, kama mzee anayesafisha miwani. Halafu mkaja kwangu mkiuliza ni mchezo gani ule, na kitu ambacho hakijatumiwa na mtu kitakuwaje na jana. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani, mbele ya Tukuyu, palikuwa na kata moja ya wakulima wa chai. Hospitali ilikuwa mbali na njia yake ni ya kupanda na kushuka, tope mwaka mzima. Mgonjwa alibebwa kwa machela, wanaume wanne wakipokezana. Wengine walifika. Wengine walirudishwa kabla ya kufika, na waliowabeba walirudi kimya.

Basi wakulima wakakubaliana wanunue gari la wagonjwa. Wakasema hawataki gari la mkononi, lililokwisha kuzeekea kwa watu. Wanataka jipya, liagizwe kiwandani ng'ambo, litengenezwe kwa jina lao, asiwe amelikalia mtu. Likaagizwa. Wakangoja mvua mbili.

Dereva walikuwa naye tayari. Aliitwa Subilaga, ila watu walimwita Mama Lugano. Mwanamke mrefu, si msemaji, alikuwa ameendesha lori la majani ya chai miaka kumi na tisa, na hakuna kona ya barabara ile asiyoijua. Naye alilitaka gari kuliko wote. Binti yake Lugano alikuwa amepoteza mtoto wa kwanza juu ya machela, mvua ikinyesha, wabebaji wamekwama darajani. Sasa mimba ya pili ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Kila jioni Subilaga alimtazama binti yake akipita uani ameshika kiuno, akahesabu wiki moyoni.

Siku moja ujumbe ukaja: gari limefika Mbeya. Mwenyekiti, Mzee Mwakipesile, alifurahi mpaka akasahau fimbo yake ofisini. Siku ileile akaamuru ng'ombe achinjwe, watu waalikwe, gari lipokelewe kesho yake kwa vigelegele kama bibi harusi. Kisha yeye na Subilaga wakapanda basi alfajiri kwenda kulichukua.

Wakalikuta kwenye yadi ya kampuni iliyowauzia, jeupe, linang'aa, ubavuni limeandikwa jina la kata yao. Mzee Mwakipesile alivua kofia. Kijana wa kampuni, jina lake Gaudensi, akawaeleza utaratibu. Wangelikagua, wangeliendesha kidogo wakitaka, kisha wangetia sahihi hati ya makabidhiano. Ukishatia sahihi, alisema, gari ni lako na kila kilichomo ndani yake.

Subilaga akaanza kazi. Aliinama akatazama chini ya gari, akafungua boneti, akapapasa magurudumu, akawasha taa, akapiga king'ora mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndani viti vyote vilikuwa bado vimevishwa nailoni ya kiwandani, na kitanda cha mgonjwa pia, hata godoro lake. Akamwomba Gaudensi ile nailoni itolewe aone chini yake.

Mzee Mwakipesile akakataa. Ile nailoni, alisema, itatolewa na watu wote wakishuhudia. "Mwali hafunuliwi njiani, Mama Lugano."

"Mwali ana mama yake, Mwenyekiti. Nina wa kumwuliza. Gari hili nimwulize nani habari zake?"

Mzee akacheka, lakini hakukubali. Nanyi mnajua watu wetu na nailoni. Mtu ananunua kiti, anakikalia na nailoni yake miaka mitano, inamtoa jasho, na hataki itoke, maana ikitoka upya nao umetoka. Subilaga akaliacha. Akasema tu kwamba ataliendesha kwanza mpaka Isyonje, kwenye baridi, ndipo sahihi itiwe. Gaudensi alishangaa, kwa sababu wengine huzunguka yadi mara mbili wakaridhika. Subilaga akamjibu kuwa gari hili halitabeba watu yadini.

Wakakaa watatu mbele. Dirisha dogo la kuelekea nyuma, kwa mgonjwa, lilikuwa wazi. Subilaga alipoketi aliona kioo cha juu, kile cha kutazamia barabara ya nyuma, kimeelekezwa kwenye kitanda. Akakirekebisha, wakatoka.

Gari lilikwenda vizuri. Lilikuwa laini kama linateleza juu ya siagi, na breki zilishika. Mzee Mwakipesile alianza kuimba wimbo wa kanisani. Walipopita Uyole, Subilaga akatupa jicho juu. Kioo kilikuwa kimegeuka tena, kinatazama kitanda. Akakirudisha, akakikaza kwa vidole. Akajiambia skrubu yake imelegea.

Walipoanza kuupanda mlima jua likabaki nyuma yao. Ukungu wa Isyonje mnausikia tu. Hauji kama mvua. Unakuta uko ndani yake, na aliye mbele yako humwoni, unasikia kengele ya baiskeli yake tu. Baridi ikaingia. Pumzi za watu watatu zikavifanya vioo vyote kuwa vyeupe. Subilaga akafungua hewa ya moto, kioo cha mbele kikasafika polepole.

Akatazama juu. Kioo kilikuwa kimegeuka mara ya tatu. Ndani yake aliona kitanda, na juu ya kitanda kioo cha mlango wa nyuma, kimejaa umande. Na kwenye umande ule palikuwa na mikono.

Alisimamisha gari pembeni. Alidhani mtu amewapandia nyuma. Akashuka, akazunguka, akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Akaufungua. Hapakuwa na mtu, ila nailoni juu ya godoro ikicheza kidogo kwa upepo alioingia nao.

Akapanda, akauvuta mlango nyuma yake, akakisogelea kioo. Viganja vilikuwa saba, vya ndani, si vya nje. Viwili vilikuwa chini, usawa wa godoro. Juu yake viwili. Juu yake tena viwili. Na cha saba, pale kioo kinapokutana na dari, hakikuwa kiganja kamili. Zilikuwa ncha za vidole vinne tu.

Aliweka mkono wake karibu na kimoja, bila kukigusa. Kilikuwa kidogo kuliko chake.

Gaudensi na Mzee walikuwa wamemfuata, wamesimama nje kwenye ukungu. Gaudensi akasema ni mafundi wa kiwandani. Watu wanapachika vioo, wanashika hapa na pale, alama za mafuta ya mikono hazionekani mpaka baridi. Ni kweli, na Subilaga alilijua hilo. Kwenye lori lake watoto waliwahi kuchora samaki kwenye dirisha, na samaki yule alirudi kila asubuhi ya baridi mwaka mzima. Lakini alimwuliza, "Fundi anayepachika kioo anashika pembeni. Huyu alikuwa anapanda. Alikuwa anapanda kwenda wapi?"



Subilaga akasukuma mlango atoke, haukufunguka. Ulifunguka kwa nje tu. Gaudensi akamfungulia.

Kabla ya kushuka Subilaga aliuvuta mkanda wa kiti cha mwuguzi, kilichokuwa pembeni ya kitanda. Hakuna anayeuvuta mkanda mpaka mwisho. Yeye aliuvuta, mkono baada ya mkono, ukatoka wote, na kwenye kipande cha mwisho kilichokuwa kimejificha ndani palikuwa na mstari mweupe uliokauka. Akaugusa kwa ulimi. Ulikuwa chumvi.

Mzee Mwakipesile alikuwa ameona. Hakuwa mtu mbaya, msimdhanie hivyo. Alimvuta Subilaga pembeni na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Alisema ng'ombe amekwisha chinjwa. Alisema wakilikataa hili, jingine litachukua mwaka. Mwisho akasema lile lililokuwa moyoni mwa wote wawili.

"Lugano amebakiza mwezi mmoja, mama. Ukilikataa, atabebwa na nini?"

Subilaga aliutazama mlango wa nyuma. Ukungu ulikuwa unapita kati yao. Kisha akarudi ndani ya gari, akashika ncha ya kitenge chake, akajiegemeza kwenye kioo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akafuta. Alifuta chini, akafuta katikati, akafuta mpaka darini. Kioo kikawa safi kabisa. Akashuka, akasema, "Turudi."

Mzee akashukuru Mungu kwa sauti. Gaudensi alitoa kalamu mfukoni, akaijaribu wino wake kwenye kiganja.

Wakageuza. Katika kuteremka hakuna aliyeimba. Subilaga aliendesha macho yake yakiwa mbele, akajilazimisha yabaki mbele. Alijiambia chumvi huoshwa. Alijiambia alama ni alama tu, na njia ya hospitali ni ndefu, na tumbo halingoji. Kwenye kona ya mwisho kabla ukungu haujaisha, aliinua macho.

Kioo kilikuwa kimekwisha kugeuka, kinamngoja. Umande ulikuwa umerudi kwenye kioo cha mlango wa nyuma, na viganja vilikuwa vimerudi, kila kimoja mahali pake. Akavihesabu. Vilikuwa vinane.

Akahesabu tena. Kile cha nane kilikuwa katikati yao, kikubwa kuliko vingine, cha mkono wa kushoto, na kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda kwenda nje. Subilaga akaushusha mkono wake wa kushoto kutoka kwenye usukani, akautazama. Kidole kile kilivunjwa na mlango wa lori zamani, kikapona kimepinda.

Ulikuwa mkono wake mwenyewe, alipojiegemeza ili afute. Alielewa hivyo mara moja, na kuelewa hakukumpunguzia baridi. Alikuwa amekwisha kuingia miongoni mwao. Na mwingine atakayelazwa pale nyuma, mlango ukafungwa kwa nje, alikuwa anamjua kwa jina, maana alimzaa.

Walipofika yadini hati ilikuwa mezani. Gaudensi akamsogezea kalamu. Subilaga akaweka funguo juu ya hati.

"Sitalichukua."

"Mama, gari ni jipya," alisema Gaudensi. "Halijalala kwa mtu hata siku moja."

"Hata kipya kina jana yake, mwanangu. Hiki jana yake sijaambiwa."

Mzee Mwakipesile akauliza, kwa sauti iliyochoka, "Na Lugano?"

"Lugano nitamchukua mimi, Mwenyekiti, sasa, wakati miguu yake bado inatembea."

Kisha akarudi kwenye gari na kufanya alichokatazwa asubuhi. Akashika nailoni ya kitanda kwa mikono miwili, akaipasua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya maji yaliyolala gizani siku nyingi. Mzee mwenyewe akaweka kiganja juu ya godoro, akabonyeza, na maji yakapanda kati ya vidole vyake. Akaurudisha mkono nyuma upesi. Hakusema tena habari ya mwali.

Jioni walirudi kwa basi. Watu walikuwa wamejipanga barabarani na matawi, ngoma zimewambwa. Nyama ile ililiwa kimya kama ya matanga. Wapo waliomsema Subilaga, kwamba dereva mzima ametishwa na alama za vidole.  Siku ya tatu alifunga nguo zake na za Lugano, wakashuka taratibu kwa miguu, wakipumzika kila kilima, wakapanga chumba nyuma ya ukuta wa hospitali. Walikaa humo wiki nne wakipika maharage na kusikilizana usingizi. Uchungu ulipokuja, kutoka chumba kile mpaka kwa wakunga zilikuwa hatua themanini. Mtoto alilia kwa nguvu. Walimwita Tumaini.

Gaudensi alikuja kuwaona miezi mingi baadaye. Alikuwa ameacha kazi ile. Alisema mafundi waliling'oa gari sakafu na kukuta mabomba ya breki yameliwa na chumvi upande wa ndani. Yangeshika siku chache za tambarare, kisha yangeachia kwenye mteremko. Akatoa pia barua iliyotoka ng'ambo. Ilikiri kwamba meli iliinama baharini, na ghala la chini kabisa, lilimokuwa gari lile, lilijaa maji siku mbili. Waliomba radhi, gari jingine lingetumwa. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyewauliza: kwamba magari yote yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo, na hapakuwa na mtu ndani.

Subilaga aliusoma mstari ule mara mbili. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia.

Gari la pili lilipofika, Mzee Mwakipesile ndiye aliyepasua nailoni zote palepale yadini, kwa kisu chake, na Subilaga alivuta kila mkanda mpaka mwisho. Kisha akazunguka kioo kimoja baada ya kingine, akikipumulia, haa, na kungoja. Vyote vilibaki vyeupe, bila alama. Ndipo akatia sahihi.

Tangu hapo watu wa kata ile wakiletewa kitu kipya hukipumulia kwanza. Wengine hawajui tena kwa nini. Shangazi yenu anajua. Yeye alikuwa binti mdogo wakati ule, na aliwahi kuingia gari la kwanza siku lilipokuwa bado yadini, akicheza, kwa kuwa mjomba wake alikuwa mlinzi pale. Hakugusa kioo. Anasema alipoketi kwenye kitanda kile alisikia ubaridi wa maji miguuni, akatazama chini, pakavu.

Kwa hiyo msimcheke. Kabati lake ingieni nalo ndani sasa, kioo kimebaki cheupe. Na nanyi mtakapopewa kitu mkaambiwa hakijaguswa na mtu, kipokeeni kwa mikono miwili, mshukuru, kisha mkisogeze kwenye baridi mkitazame. Hata kipya kina jana yake.