Ukoko wa Bi Zuwena

Hapo zamani, na wewe kule nyuma acha kusinzia, palikuwa na mpishi wa harusi, Bi Zuwena. Pilau lake! Watu walioana upesi ili tu wenzao wale. Desturi ya mji ilikuwa hii: ukoko wa sufuria ya kwanza mpishi humpa mtu mmoja tu, aliyemfaa kuliko wote. Haugawanywi.

Basi Bi Zuwena akaugua utumbo. Vidonda ndani, damu, chooni mara kumi, mara kumi na tano. Tumbo likitulia, hofu haitulii. "Nikishikwa mbele za watu?" Akaacha kupika, akaacha kutoka, akawa ni kulala na kulia. Watu wakasema anaringa. Wallahi walimwonea.

Ikapangwa harusi ya mjukuu wake, Raya. Raya akasema, "Bibi asipopika, siolewi." Patashika!

Tabibu Shali, aliyekuwa akimtibu tumbo, akaketi naye. "Dawa unameza. Moyo je?" Hakuna aliyewahi kumuuliza. Bi Zuwena akalia, akasema yote. "Huzuni hii nayo ni ugonjwa," tabibu akamwambia, "nayo inatibika." Kila wiki wakazungumza, mpaka siku moja akacheka.

Mumewe, Mzee Faki, akachukua sururu. Siku tatu akachimba choo, hatua saba kutoka mekoni pa harusi, akakitia mlango wa buluu. "Zuwena wangu, hukimbii tena. Utatembea kwa madaha."

Siku ya harusi, sufuria zinachemka, tumbo likamsokota. Macho yote kwake. Akaganda. Mize, mpishi mwenzake, ambaye miaka yote walikuwa hawapikiki chungu kimoja, akatupa mwiko. "Hata mimi nimebanwa! Twende, shoga!" Akapiga kigelegele. Wanawake wote wakafuata, wanacheza foleni ya choo! Mzee Faki akabaki kulinda moto. Bi Zuwena akaingia wa kwanza, akatoka anacheka machozi, na pilau likaiva.

Raya akaolewa. Ukafika ukoko.

"Bila mimi asingetoka kitandani," akasema tabibu.

"Bila mimi asingesogea mekoni," akasema Mzee Faki.

"Bila mimi angekimbilia nyumbani," akasema Mize, "na pilau lingeungua!"

Bi Zuwena kaushika ukoko kwa mikono miwili. "Tumbo laweza kurudi kesho, najua. Lakini leo nimepika!"

Haya, semeni, ukoko unapoa: nani alistahili?